Gereji ya Baba, Besi ya Mama

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Kwetu ukitaja gereji, anayekusikia anamwona fundi kalala chini ya gari, nguo zimelowa oili, na kijana wa spana amechutama pembeni. Kwenye mitaa ya Marekani ya miaka ya 1960, gereji ilikuwa sehemu ya nyumba: chumba cha kulaza gari, sakafu ya saruji, mlango mpana unaotazama barabarani. Gari likitolewa nje, panabaki nafasi ya kutosha seti ya dramu, amplifaya mbili na vijana wanne au watano. Humo ndimo lilimotoka jina la muziki ninaouzungumzia hapa, roki ya gereji, ingawa jina hilo lilikuja baadaye sana. Wenyewe walisema wanapiga rokenroli, basi.

Muziki huu umezoeleka kusimuliwa kama hadithi ya vijana walioasi wazazi wao. Nimeusikiliza miaka mingi na kufuatilia habari za bendi moja baada ya nyingine, na kila ninapochimba nakutana na mzazi. Gereji ilikuwa ya baba. Gitaa la kwanza mara nyingi lilitoka kwenye mfuko wa mama. Bendi ilisafirishwa kwa gari la familia. Na kwa kuwa katika majimbo mengi mtu alihesabiwa mtu mzima akifika miaka 21, mkataba wa kurekodi ulihitaji saini ya mzazi. Huwezi kueleza bendi hizi zilikotoka bila kueleza koo zilizozizaa.

Tuanze na nyumba zenyewe. Mwaka 1944 Marekani ilipitisha sheria ya kuwawezesha askari waliorudi vitani kusoma na kukopa fedha za kununua nyumba. Mitaa mipya ikaota pembezoni mwa miji, watoto wakazaliwa kwa wingi, viwanda vikalipa vizuri. Kufikia 1962 duka la Sears lilikuwa likiuza gitaa la umeme la Silvertone ambalo sanduku lake ndilo amplifaya: unafungua kifuniko, unachomeka waya, unapiga. Bei yake haikufika dola 70. Mzazi mwenye kazi ya kiwandani aliweza kulinunua kama zawadi ya Krismasi. Linganisha na Dar es Salaam ya wakati huohuo. NUTA Jazz, iliyoundwa 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Vyombo vilikuwa mali ya chama na wanamuziki walikuwa waajiriwa wake. Kijana wetu aliyetaka kupiga solo alitafuta bendi yenye vyombo. Kijana wa kule alivikuta nyumbani, na mara nyingi wapigaji wenzake pia aliwakuta humohumo: kaka, dada, binamu.

Wimbo uliokuwa mtihani wa kila bendi ya gereji ulikuwa "Louie Louie". Aliyeutunga ni Richard Berry, mwanamuziki Mweusi wa Los Angeles, na ulitoka kwenye santuri mwaka 1957. Mdundo wake aliuchukua kutoka kwenye cha-cha ya René Touzet, mpiga kinanda wa Cuba. Hapo msomaji wa kwetu atulie kidogo, kwa maana cha-cha hiyohiyo ya Cuba ndiyo wazee wetu waliyoicheza kwenye kumbi za Dar es Salaam na Léopoldville miaka ileile. Chemchemi moja, mifereji miwili. Berry alihitaji fedha za harusi yake, akauza haki za wimbo huo kwa dola 750. Alioa. Wimbo ukaenda zake ukawatajirisha wengine, na ilimpasa kusubiri hadi miaka ya 1980 ndipo akarudishiwa sehemu ya kilicho chake.

Wimbo huo ukapanda kaskazini mpaka pembe ya majimbo ya Washington na Oregon, ambako mvua hunyesha sana na vijana walijaa kwenye kumbi za dansi kila mwisho wa wiki. Wailers wa mji wa Tacoma waliurekodi 1961. Tarehe 6 Aprili 1963 ikawa zamu ya Kingsmen wa Portland, katika studio ndogo, kwa gharama ya dola 50 hivi. Mwimbaji, Jack Ely, alikuwa na waya za kunyooshea meno, na kipaza sauti kilikuwa kimening'inizwa juu, ikambidi ainue kichwa na kupiga kelele. Baada ya solo ya gitaa aliwahi kuingia kabla ya wakati. Akashtuka, akanyamaza, na mpiga dramu akaliziba pengo kwa kuzungusha vijiti. Kosa hilo limo kwenye santuri mpaka leo, na bendi nyingi zilizouiga wimbo huo ziliuiga pamoja na kosa lake.

Mpiga dramu huyo, Lynn Easton, alikuwa amekua pamoja na Ely. Agosti mwaka huohuo aliwaambia wenzake kwamba kuanzia sasa yeye ndiye ataimba, na Ely akae nyuma kwenye dramu. Waligoma. Ndipo walipoelezwa kwamba jina Kingsmen limesajiliwa kisheria, na aliyelisajili kwa jina la mwanawe ni mama yake Easton. Ely akaondoka. Miezi michache baadaye santuri ile yenye sauti yake ilishika nafasi ya pili nchi nzima. Mama mmoja, fomu moja ya usajili, na bendi ikabadilika sura. Mzazi mwingine akaongeza lake: mwanzoni mwa 1964 alimwandikia barua Robert Kennedy, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, akilalamika kwamba maneno ya wimbo huo ni machafu. FBI wakaipiga santuri kwa kasi mbalimbali, upelelezi ukapita miaka 2, wakahitimisha kwamba maneno hayaeleweki.

Tacoma inanivuta zaidi. Ni mji wa bandari na viwanda vya mbao, uliojulikana kwa harufu mbaya ya moshi wake, na jirani kuna kambi ya ndege za kijeshi ya McChord. Larry Parypa alianzisha bendi hapo mwaka 1960 akiwa kijana wa shule. Ndege zilipopasua anga mlio wake ulitikisa madirisha, na kutoka kwenye mlio huo bendi ikapata jina: Sonics. Larry alipiga gitaa la solo, kaka yake Andy akashika besi. Wazazi wao waliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote, na mpiga besi alipokosekana mazoezini, mama yao alilichukua gitaa la besi akapiga yeye.

Picha hiyo huwa inanisimamisha. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa mpiga gitaa ni mhuni, na mzazi aliyesikia mwanawe anapiga muziki alikuwa wa kwanza kuvunja chombo. Hapa mama amesimama katikati ya wavulana, kidole chake kwenye waya mnene, anawashikia mdundo ili wanawe wasikose mazoezi. Sijapata kuona picha ya mama huyo akipiga. Naamini kila bendi ya namna hiyo ilikuwa na mtu kama yeye, na majina mengi ya watu hao hayakuandikwa nyuma ya jalada lolote.

Kisha wakajiunga na Sonics Gerry Roslie wa kinanda na sauti, Rob Lind wa saksafoni, na Bob Bennett wa dramu, na muziki ukawa mkali kuliko wote wa wakati wake. Mwishoni mwa 1964 walitoa "The Witch" kwenye lebo ya Etiquette, iliyoendeshwa na wanamuziki wa Wailers, yaani kaka zao wa mjini. Nimeiweka santuri hiyo tena leo asubuhi ili niwe na uhakika wa ninachokisema. Inaanza na gitaa, besi, saksafoni na kinanda vikitembea pamoja chini kabisa, kama kundi la watu wanaopanda ngazi za mbao. Vinasimama. Dramu inajibu peke yake. Kisha Roslie anaingia, sauti imekwaruza kama iliyopita kwenye changarawe, na anapofika mwisho wa mstari anapiga ukelele mfupi ambao hauandikiki kwa herufi zozote. Kearney Barton, fundi mitambo wa Seattle aliyewarekodi, alitega kipaza sauti kimoja tu kwa dramu nzima. Walimsukuma mpaka mishale ya vipimo vyake ikalala upande mwekundu, na hawakumruhusu airudishe. Spika za amplifaya walikuwa wakizitoboa kwa chuma cha kuvunjia barafu ili sauti ichanike. Ufundi huo wa kuharibu kwa makusudi leo unauzwa dukani ndani ya kisanduku cha kukanyagia kwa mguu.

Wakati Sonics wanajitengenezea sauti yao, nchi nzima ilikuwa imeshapatwa na tukio jingine. Usiku wa tarehe 9 Februari 1964 Beatles walionekana kwenye kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan, na watazamaji wapatao milioni 73 walikuwa mbele ya runinga. Walitazama sebuleni, baba kwenye kiti chake, watoto kwenye zulia. Siku zilizofuata maduka ya muziki yalijaa. Ghafla kila mtaa ukawa na bendi, kila shule ikawa na shindano la bendi, na kila mji ukawa na kituo cha redio kilichokubali kupiga santuri ya vijana wa nyumbani. Studio ndogo na viwanda vidogo vya kukandamiza santuri vikawatoza ada, vikawapa nakala mia chache. Ndugu wakazinunua.

Katika mkondo huo ndipo walipotokea ? and the Mysterians. Alama hiyo ya kuuliza ndilo jina la mwimbaji wao. Alizaliwa Rudy Martinez, akabadili jina kisheria, na hakuonekana bila miwani nyeusi. Walitoka maeneo ya Saginaw na Bay City, jimbo la Michigan, wakiwa watoto wa familia zenye asili ya Mexico zilizopanda kutoka Texas kufuata kazi za mashamba na viwanda. Bendi ilianza kwa undugu mtupu: Larry Borjas, binamu yake Bobby Balderrama, na Robert Martinez, ndugu yake mwimbaji, kwenye dramu. Robert na Larry walipoingia jeshini, wengine wakashika nafasi zao. Frank Rodriguez, mpiga kinanda, alikuwa na miaka 15 hivi. Mwaka 1966 walirekodi "96 Tears" kwenye studio ndogo Bay City, ikatoka kwenye lebo ya Pa-Go-Go ya meneja wao, mwanamke aitwaye Lillian Gonzalez. Vituo vya redio vya Michigan viliikamata, kampuni ya Cameo-Parkway ikainunua, na wiki ya tarehe 29 Oktoba ilikuwa namba moja Marekani nzima. Kile kinanda cha Rodriguez, nota fupifupi zinazodunda kama mtu anayegonga mlango asiyetaka kuondoka, kilipigwa na mtoto ambaye hakuwa na umri wa kuendesha gari la kumpeleka studio.

Yaliyofuata yanaumiza. Kampuni ilinunuliwa, kanda za asili zikawekwa kabati, na rekodi ile halisi haikutolewa rasmi kwenye CD mpaka 2005. Januari 2007 nyumba ya mwimbaji iliungua na kumbukumbu zake zote za bendi zikateketea ndani yake. Kwa muziki wa namna hii, nyumba ikiungua ni sawa na maktaba ya kumbukumbu kuungua, kwa sababu hazina nyingine haikuwepo: picha, mabango, nakala za kwanza, vyote vilikuwa juu ya kabati la mtu.

Wasichana nao walikuwemo, ingawa waandishi wa historia hii waliwapitia haraka. Mwaka 1964 huko Detroit, Patti Quatro na mdogo wake Suzi walianzisha Pleasure Seekers pamoja na ndugu wawili wa ukoo wa Ball, Nancy na Mary Lou. Baba yao, Art Quatro, alikuwa mwanamuziki wa jazi. Suzi alipopangiwa besi, baba alimpa gitaa la besi la Fender Precision la mwaka 1957. Alikuwa na miaka 14. Miaka ya 1970 Ulaya nzima ilimjua.

Julai 1965 Rais Johnson alitangaza kuongeza idadi ya vijana wa kuitwa jeshini kila mwezi kutoka 17,000 hadi 35,000. Hakuna kilichovunja bendi nyingi kuliko bahasha ya kuitwa jeshini. Aliyekuwa chuoni aliweza kuahirishiwa, kwa hiyo mwingine akaondoka kwenda kusoma mji wa mbali, mwingine akaenda Vietnam, mwingine akaoa. Ladha nayo ilibadilika: kuanzia 1967 redio za FM zilitaka albamu ndefu na nyimbo za dakika nyingi. Sonics walisambaratika kabla muongo haujaisha. Rob Lind alirusha ndege za kivita Vietnam, kisha akawa rubani wa abiria. Roslie alifanya kazi ya kumwaga lami. Gereji zikarudishiwa magari.

Hata hivyo, bendi ambayo kwangu inabeba uzito wote wa jambo hili ilirekodi wakati wenzao wamekwisha kufunga. Fremont ni mji mdogo wa New Hampshire. Austin Wiggin, mfanyakazi wa kiwanda, alikuwa na mama aliyesoma viganja. Mama huyo alimtabiria mwanawe mambo matatu: ataoa mwanamke mwenye nywele za rangi ya dhahabu nyekundu, atapata watoto wawili wa kiume ambao yeye bibi yao hatawaona, na mabinti zake wataunda bendi itakayopendwa. Mawili ya kwanza yalitimia. Austin akaona la tatu ni wajibu wake. Akawaachisha shule Dot, Betty na Helen, akawanunulia magitaa na dramu, akawalipia masomo ya muziki, akawapangia ratiba: mchana mazoezi, jioni kumpigia yeye baba, kisha mazoezi ya viungo. Akawaita Shaggs. Jumamosi usiku walipiga kwenye ukumbi wa mji wa Fremont, na baadhi ya vijana waliwarushia makopo.

Machi 1969 aliwapeleka studio Revere, Massachusetts. Fundi mitambo aliona hawajaiva, akashauri warudi baadaye, baba akakataa. Ikatoka albamu ya "Philosophy of the World". Nakala 1,000 zilitengenezwa, na inasimuliwa kwamba 900 kati yake zilitoweka pamoja na mtu aliyepewa kazi hiyo. Sauti yake haifanani na kitu kingine. Gitaa linafuata mdomo wa mwimbaji silabi kwa silabi, dramu ya Helen inakwenda njia yake, zinakutana na kuachana. Kuna wimbo kuhusu paka aliyepotea. Kuna mwingine uitwao "Who Are Parents?", ambamo mabinti hao wanajibu swali hilo kwa kuwasifia wazazi wanaojali. Nimeusikiliza wimbo huo mara nyingi nikijiuliza uliimbwa kwa mapenzi au kwa amri, na sasa nadhani vyote viwili vilikuwemo katika pumzi moja, jinsi vilivyo katika nyumba nyingi. Helen aliolewa kwa siri. Mdogo wao Rachel alikuja kushika besi. Mwaka 1975 Austin alikufa kwa maradhi ya moyo akiwa na miaka 47, na mabinti wakaweka vyombo chini.

Aliyeanza kuokota mabaki ya bendi hizi ni Lenny Kaye, na hata yeye aliingia kwa mlango wa ukoo. Ami yake, Larry Kusik, alikuwa mtunzi wa mashairi ya nyimbo, yuleyule ambaye baadaye aliandika maneno ya wimbo wa mapenzi wa filamu ya The Godfather. Mwaka 1966 ami huyo alimpeleka studio mtoto wa ndugu yake kurekodi wimbo alioshiriki kuutunga, kwa jina la bandia la Link Cromwell. Haukuuza. Lakini Kaye alijua kwa mwili wake hali ya kuwa kijana mwenye santuri moja ambayo hakuna aliyeinunua, na 1972 akakusanya nyimbo 27 za wenzake wa nchi nzima katika albamu pacha ya "Nuggets", kwenye lebo ya Elektra. Baada yake walifuata wakusanyaji wengine waliopiga simu mji kwa mji wakiwatafuta wenye bendi, na mara nyingi aliyepokea alikuwa dada, mjane, au mtoto aliyekumbuka kuna sanduku chini ya ngazi.

Sonics walirudi jukwaani New York mwaka 2007, wazee wa miaka 60 na zaidi, na Larry akiwa na gitaa lake. Albamu ya Shaggs ilichapishwa upya 1980 kwa jitihada za wanamuziki wa bendi ya NRBQ, na ikapata wapenzi wake mmoja mmoja. Helen alifariki 2006. Mwaka 2017, kwenye tamasha la muziki Massachusetts, Dot na Betty walipanda jukwaani wakiwa bibi wenye nywele za mvi. Nyuma yao walisimama wanamuziki wa kizazi kingine waliokuwa wamezichambua rekodi zile nota kwa nota, na mmoja wao alikaa kwenye dramu akipiga alivyopiga Helen, na kuchelewa pale alipochelewa Helen.